Dereva wa Luteni Rauscher

Waliouawa mferejini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa wifi yangu Perina. Naanza na hao kwa sababu magazeti hayakuanza nao, wala hayakufika kwao hata mwishoni.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu, mwaka wa kumi na saba. Vita vilikuwa kwenye mto Isonzo, mwendo wa nusu siku kwa mkokoteni kutoka kwetu Selvuzza, na wanaume wetu wote walikuwa huko, au walikuwa wameshazikwa huko. Sisi wanawake kumi na wanne tulikuwa tunafulia kikosi cha ndege kilichopiga kambi kwenye malisho ya kijiji. Kutwa tumepiga magoti juu ya mawe ya mfereji, vidole vimepasuka kwa baridi na maji ya majivu, tunasugua mashati ya maofisa. Afisa wa ndege ana mashati mengi kuliko bibi harusi. Siku ile tulikuwa tumeanika mashuka yao thelathini na mawili kwenye nyasi. Ndege ya Waaustria ikaja kutoka upande wa milima, ikazunguka mara moja, ikaangusha mabomu mawili. La kwanza liliua samaki. La pili lilimuua Perina, na Bice, binti pekee wa Onorina, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, na bibi Santa, ambaye hata hakuwa anafua siku hiyo. Alikuja kuota jua.

Tuliwazika kesho yake katika mashuka, bila majeneza. Mbao zote za kijiji jeshi lilikuwa limezichukua kujengea mabanda ya ndege, maana ndege, tuliambiwa, haipendi mvua. Padre wetu, Don Zeferino, alisoma misa kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mkuu wa kikosi, Kapteni Guidalberto Morandelli, hakuja. Alimtuma Sajenti Piras.

Piras alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchunga mbuzi wa visiwani aliyepewa mizinga miwili ya kutunza.

"Mama Tranquilla, poleni sana na msiba," alisema. "Kapteni anauliza… Anauliza kama mashati yake ya hariri yalikuwa kwenye pipa lililopigwa au kwenye lile lingine."

"Lile lingine," nikamwambia. "Mwambie Mungu ni mkubwa, mashati yamesalimika."

Siku ya tisa ndege ya Waaustria ilirudi, na safari hii mizinga ya Piras, iliyofichwa kati ya miforosadi, iliipata mkiani. Ilianguka shambani kwa Mzee Tite Bressan, seremala wetu. Ndani mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa amekufa. Wa pili alikuwa hai lakini hajitambui, mkono umevunjika na uso wote umepakaa mafuta meusi, akapelekwa shuleni walikokuwa wakilazwa wagonjwa. Wakati huo Kapteni Morandelli alikuwa kwa kinyozi. Najua, kwa sababu alikimbia hadi shambani na taulo la kinyozi shingoni, na taulo lile nililifua mimi. Ilipofika jioni, alikuwa ameshaiangusha ndege ile yeye mwenyewe, kwa mkono wake, juu ya mawingu.

Chini ya maiti palikutwa mkoba wa ngozi wenye ramani, na ndani ya mkoba jina: Luteni Egon Rauscher. Kapteni hakuuliza zaidi. Alisimama mbele ya ule mwili, akasema kwa sauti, askari wote wamsikie: "Jana alikuwa adui yangu. Leo ni ndugu yangu. Angani hakuna chuki."

Nilimpelekea Onorina habari hiyo. Alikuwa anasonga ugali wa mahindi, wala hakugeuka.

"Angani hakuna chuki," alirudia. "Si ajabu. Yote wanaiangusha huku chini."

Kapteni akaamua kufanya mazishi, na mazishi yenyewe yawe kama harusi ya mfalme. Gwaride, tarumbeta, waandishi wawili wa magazeti kutoka mjini Udine pamoja na mashine yao ya picha. Alhamisi asubuhi aliruka mwenyewe, na hilo simnyimi, aliruka kweli, akaangusha juu ya kambi ya Waaustria bomba la bati lililofungwa utepe mwekundu. Ndani mlikuwa na barua: Luteni wenu Rauscher amekufa kishujaa, tunamzika Jumamosi saa nne asubuhi, njooni mumuage, hatutafyatua risasi. Ndiyo ilikuwa desturi ya mabwana wa ndege wa pande zote mbili. Walialikana misibani kama mashemeji. Mume wangu alikufa mtaroni mwaka uliotangulia, akiwa askari wa miguu, na mimi nililetewa kipande cha karatasi chenye jina lililokosewa.

Jeneza lilipatikana. Mzee Tite alikuwa amejichongea lake kwa mbao za mjozi, kazi ya majira mawili ya baridi, akalificha chini ya nyasi za ng'ombe jeshi lisilione. Askari walilikuta walipokuwa wanatafuta vipande vya ndege.

"Lakini hilo ni langu!" Tite aliwapigia kelele. "Nimeshalala ndani yake mara mbili kujipima!"

"Mzee, wewe ni mfupi," askari mmoja akamjibu. "Utatosha kwenye kreti ya viazi."

Maiti ikaletwa kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu ndiko kulikokuwa na maji ya moto, na amri ikaja kwamba mimi na Onorina tuioshe.

"Mimi simgusi," Onorina alisema. "Wanifunge. Huyu kanichukulia Bice, nami nimsugue mgongo?"

"Nitamwosha peke yangu."

"Una moyo gani wewe?"

"Nataka kumwona uso," nikamwambia. Na ulikuwa ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kumtemea mate.

Nilimvua koti la ngozi, na chini ya koti nikakuta shati. Mimi nafua nguo za watu tangu nina miaka tisa. Nionyeshe shati lako nami nitakwambia unakula nini, unalala na nani, na mama yako alikuwa nani. Shati la yule mtu lilikuwa na viraka kwenye viwiko vyote viwili, na kiraka cha kushoto kilikuwa na kiraka chake juu. Kola ilikuwa imefumuliwa ikageuzwa upande wa pili. Hakuwa na soksi. Miguuni alijiviringishia vitambaa vya gunia la unga. Kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi ambao hautoki, ule uliokwisha kuwa sehemu ya mtu. Ndani ya buti la kulia mlikuwa na kadi ya posta, imelowa jasho na damu, imeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Uso ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, pua pana, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kuuliza njia.

Mate yangu nikayameza. Sikumsamehe. Nilijua tu kwamba niliyekuwa nimemwekea mate yale siye.

Nilianika kadi juu ya jiko, nikaenda kwa Kapteni. Alikuwa anapima riboni za shada la maua.

"Bwana Kapteni, yule mtu si luteni."

"Nani kakwambia, mama?"

"Shati lake."

Akacheka, akamwangalia Luteni wake mmoja, naye akacheka. "Tranquilla," alisema, "shati likianza kukusemesha, pumzika kidogo. Endelea kuosha."

Ijumaa mchana yule majeruhi alizinduka, akajitambulisha, na wakamhamisha haraka kutoka shuleni hadi nyumba ya maofisa. Nilikuwa naingiza vitambaa safi vya meza. Alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha Kapteni mwenyewe, mkono umefungwa shingoni, uso umeoshwa, na mbele yake kuku. Kuku yule alikuwa wa Onorina. Walikuwa wamemchukua asubuhi.

"Lakini Luteni Egon Rauscher ni mimi," alikuwa anasema, kwa Kiitaliano kizuri kuliko changu. "Yule mwingine ni dereva wangu."

"Dereva," Kapteni alirudia. Uso wake ulikuwa umekuwa kama unga.

"Koplo. Kwetu afisa hutazama, huamuru, huchora ramani. Dereva huendesha."

"Na mkoba wako…"

"Nilimpa aushike. Mara zote aliushika yeye."

Kapteni alitembea hadi dirishani akarudi. "Barua imeshakwenda," alisema. "Waandishi wanafika kesho asubuhi. Jenerali anakuja Jumatatu kunivika nishani kwa ajili ya kumwangusha luteni. Nitamwambia nimefanya gwaride la mazishi ya koplo?"

Rauscher alitafuna taratibu, akafikiri. Halafu akatabasamu. "Basi nizikeni mimi," alisema. "Yeye hataudhika. Mkimaliza na jenerali wenu, mtawaandikia wenzangu kwamba palitokea makosa."

"Wewe ni muungwana," Kapteni akasema, machozi yakimlenga. Nakuapia, machozi. "Ila jenezani tunahitaji kuweka koti la cheo. Lako."

Hapo Rauscher akaacha kutafuna. "Koti langu? Kwa dereva?"

"Kwa saa moja tu. Juu ya kifuniko, si ndani."

"Litarudi safi?"

"Litarudi safi," Kapteni alisema, na wote wawili wakanitazama mimi, kana kwamba ndiyo kwanza ninaingia.

Nikaweka vitambaa mezani. "Bwana Luteni, dereva wako anaitwa nani?"

"Emil," akajibu.

"Emil nani?"

"Emil tu. Madereva wote tunawaita Emil, ni mazoea ya kikosini. Jina lake halisi lilikuwa… la Kislovaki. Hayatamkiki hayo majina."

"Mlikuwa pamoja muda gani?"

"Miezi saba."

Nilitoa kadi mfukoni mwa aproni nikamnyooshea. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya damu, akasoma upande wa anwani. "Koplo Juraj Kubica," alisoma. Akainua nyusi. "Kumbe Juraj!"

Alisema hivyo kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wa jirani ana jina.

"Na upande wa pili?"

"Ni mama yake. Sijui lugha hii vizuri. Anauliza kama amepata soksi."

"Mama, sasa unaweza kwenda," Kapteni alisema.

Sikwenda. "Bwana Luteni, siku kumi zilizopita mlirusha mabomu kwenye mfereji wetu."

Akakunja uso, akakumbuka. "Tuliona vitu vyeupe vingi, vimepangwa safusafu. Tukadhani ni mahema."

"Yalikuwa mashuka. Nani aliyaangusha mabomu? Wewe au Emil?"

"Mama, nimeshasema. Dereva kazi yake kuendesha." Alinieleza kwa upole, kama unavyomsahihisha mtoto. "Kuangusha mabomu ni kazi ya afisa."

Akarudi kwenye paja la kuku.

Jumamosi kulikuwa na jua. Jeneza la Mzee Tite liliwekwa juu ya gari la mzinga, limefunikwa bendera, na juu ya bendera koti lenye nyota. Wanawake tuliamriwa kusimama mstari wa mbele, tumevaa nyeusi, kwa sababu mpiga picha alitaka majonzi. Onorina hakuja. Maofisa kumi na wanne walisimama upande wa kulia, na kati yao Rauscher, amevikwa joho la jeshi letu ili mkono wake usionekane. Mzee Tite alisimama peke yake nyuma, anaangalia maungio ya jeneza kama yamekaza.

Don Zeferino, aliyempa bibi Santa dakika chache tu, alimwombea Luteni Rauscher kwa muda wa saa nzima. Alisema roho yake inapaa kama tai. Roho ya nani, sijui. Mwenyewe alikuwa hatua sita kutoka pale, anapangusa vumbi kwenye buti.

Saa nne na robo, padre akiwa bado anaomba, ndege tatu za Waaustria zikatokea. Watoto wa kijiji walikimbilia chini ya mikokoteni, maana hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba siku hiyo hazitaua mtu. Maofisa wote wakapiga saluti. Mizinga ya Piras ikanyamaza. Ndege moja ilishuka hadi tukaona uso wa mtu ndani yake, akatupa shada la maua, na upepo ukalipeleka mferejini. Likaanza kuelea. Luteni wawili waliovaa soksi nyeupe na panga za gwaride wakalikimbilia ukingoni, hawalifikii, wakipiga kelele "Lishike! Lishike!", hadi mmoja alipolivuta kwa kibao cha kufulia alichokiokota kwenye mawe. Kilikuwa kibao cha Perina. Hatukuwa tumekiondoa.

Wakalileta likichuruzika maji. Utepe wake ulikuwa na maandishi ya dhahabu ya Kijerumani, na Kapteni akampa Rauscher ausome. Akasoma kimyakimya. Akatoa leso.

"Wameandika vizuri sana," alisema kwa sauti ya puani. "Sikujua kwamba walinipenda hivi."

Misibani nimeona watu wakilia kwa uchungu, nimeona wakilia kwa ajili ya urithi, nimeona wakilia kwa pombe ya zabibu. Mtu anayejililia mwenyewe, amesimama, ameshiba kuku wa watu, nilimwona huyo peke yake.

Nilimfuata mwandishi mmoja wa gazeti, kijana mwenye masharubu ya nta. "Bwana," nikamwambia, "aliyemo jenezani anaitwa Juraj Kubica. Ni koplo. Huyo mnayemwandika ni yule pale, anayepenga kamasi."

Aliniangalia, akaniwekea mkono begani. "Pole, mama," alisema. "Huzuni ni kubwa." Na katika gazeti lake, Don Zeferino alitusomea baadaye, aliandika kwamba wanawake wa Selvuzza walirukwa na akili kwa kumlilia adui mtukufu.

Jioni ile sikuweza kula. Nilikuwa nafikiria yule mwanamke wa Kislovaki. Jeshi lake lingemwandikia kwamba Luteni amekufa, na dereva hajulikani alipo, labda ametekwa, labda yu hai. Angeendelea kufuma soksi. Mama yake Rauscher naye alikuwa anavaa nyeusi kwa mtu aliyeshiba. Haya yote yasubiri Jumatatu ipite, Kapteni apate kipande chake cha bati.

Maofisa walikuwa wametuletea mashati yao yote yaandaliwe kwa ajili ya jenerali. Arobaini na tisa, pamoja na suruali nyeupe na glavu. Yalikuwa yameshalowekwa kwenye mapipa ya maji ya majivu. Jumapili baada ya misa niliwakusanya wenzangu mferejini, nikawasimulia yote niliyoyasikia nyumba ya maofisa, nikawaambia nakusudia kuyaacha humohumo.

"Watatufunga," Gisella mke wa mhunzi alisema.

"Wakitufunga watafua wao."

Wote wakamtazama Onorina. Kama angekataa, lingekuwa limekwisha. Tayari alikuwa hanisemeshi tangu nimwoshe yule mtu.

"Kwa ajili ya huyo Mslovaki wako sinyanyui kidole," alisema. "Lakini kumwona Morandelli amesimama na fulana mbele ya jenerali, hiyo nitakaa hapa hadi Pasaka."

Akaketi juu ya pipa.

Kapteni alikuja mwenyewe saa sita, kanda za suruali juu ya fulana, maana shati hakuwa nalo hata moja. Alipowaona wanawake kumi na mmoja wameketi juu ya mapipa kumi na moja, alielewa mara moja. Hakuwa mjinga. Laiti angekuwa mjinga, nisingemchukia sana.

"Tranquilla, hii ni hujuma. Wakati wa vita!"

"Ni nguo chafu, Bwana Kapteni. Majivu yamezidi ukali. Yakikaa hadi kesho mashati yatatoka vipandevipande, na sisi hatuna nguvu, tumerukwa na akili kwa huzuni."

"Unataka nini?"

"Leo hii uwaandikie Waaustria: aliyekufa ni Koplo Juraj Kubica, na Rauscher yu hai. Na msalaba ubadilishwe."

"Kesho kutwa. Nakupa neno langu."

"Neno lako liko ndani ya pipa na mashati."

"Mjinga wewe, unajua yule koplo alikufanyia nini? Wewe mwenyewe umezika watu wako kwa ajili yake!"

Hapo Onorina akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na ilimbidi ainue kidevu kumwangalia.

"Mimi ndiye niliyezika," alisema. "Mtoto wangu anaitwa Bice Comar. Aliyemuua umemkalisha kwenye kiti chako ukamlisha kuku wangu. Sasa andika hiyo barua, Bwana Kapteni, au kaa na fulana yako. Ina tundu kwapani. Nimeiona."

Alijifunika kwapa. Naapa, alijifunika, kapteni wa watu mia mbili.

Barua iliandikwa juu ya jiwe la kufulia, Rauscher akitamka maneno ya Kijerumani huku amenuna, kwa sababu alikuwa amepanga kukaa maiti hadi Jumanne. Mimi Kijerumani sijui, basi nikamwita Don Zeferino aliyekisoma seminari, aisome neno kwa neno. Alijaribu kukohoa na kusema hayo ni mambo ya kijeshi.

"Padre," nikamwambia, "umeipa roho ya mtu mwingine saa nzima. Huyu mpe dakika moja."

Akasoma. Majina yote mawili yalikuwamo. Saa kumi alasiri Kapteni aliruka na bomba lake la bati, na tulipomwona anarudi, na Piras akaapa kwa mama yake kwamba limeangushwa, tukaanza kusuuza.

Jumatatu jenerali alifika, mzee aliyesinzia kwenye gari. Mashati yalikuwa meupe kama theluji, kazi yetu sikuwahi kuiona ikiwa safi hivyo. Kapteni Morandelli alivikwa nishani kwa kumwangusha mtu ambaye hakumwangusha, ambaye hakuwa amekufa, na aliyekuwa mstari wa pili akimpigia makofi kwa mkono mmoja. Piras, aliyeilenga ile ndege, alikuwa ametumwa kufungia farasi wa msafara.

Rauscher alipelekwa kambi ya wafungwa wiki ile ile. Utepe wa dhahabu aliuchukua, alisema ni kwa ajili ya mama yake. Koti lake nilimrudishia bila kulifua. Alilinusa, akaniangalia, nami nikamwangalia.

Msalaba Kapteni hakuubadilisha. Kila nilipomkumbusha alikuwa na haraka, na mwezi wa tano kikosi chake kilihamishwa. Jioni waliyoondoka, Mzee Tite alikuja kwangu na mbao mpya mbili za mwaloni. Alikuwa ameshachonga jina, herufi kwa herufi, akiiga kutoka kwenye ile kadi.

"Kama amelala ndani ya kazi yangu," alisema, "sitaki juu yake pawe na kazi ya fundi wa jeshi. Ile misumari ilikuwa aibu."

Tukaenda makaburini, mimi nimebeba nyundo. Onorina alikuwa kule, kwenye kaburi la Bice, anang'oa magugu. Alituona tunahangaika, Tite mikono inamtetemeka, mimi siwezi kushika mti na kupiga kwa wakati mmoja. Halafu akainuka, akajipangusa udongo magotini, akaja, akaushika mti kwa mikono miwili, uso ameugeuzia upande mwingine.

"Piga," alisema.

Nikapiga.

"Nimeshika mti tu," alisema. "Usije ukatangaza kijijini kwamba nimemsamehe mtu."

"Sitatangaza."

"Umepinda kushoto. Nyoosha, Tranquilla, unapigilia kama Mwaustria."

Tukaung'oa tukauanza upya.